MWAMUZI AU KORTI? TUSOME KIFUNGU KABLA YA KUTIA SAHIHI



Karatasi hii imezoea kuwaletea habari za mishahara, za nyumba za kazini na za magenge ya njia. Leo twaandika juu ya kifungu kimoja tu cha mkataba, namba kumi na nne, kilichoandikwa kwa Kiingereza chini kabisa ya ukurasa wa tatu. Wenzetu watano walikitia sahihi huko Garissa bila kukisoma, na tangu siku waliyofukuzwa kazi kifungu hicho kimekuwa kizito kwao kuliko taruma la chuma.

Wengine watauliza, watu wa reli na Garissa wapi na wapi? Ni kweli, hatuna hata futi moja ya reli kule. Tarehe 2 Machi 2012 wakuu wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walikutana Lamu wakazindua mpango mkubwa wa bandari, barabara, bomba la mafuta, na reli ya kutoka Lamu kupita Garissa hadi Isiolo na mbele. Bandari imeanza kupokea meli tangu 2021. Reli ile, hadi tunapoandika, ni mstari kwenye ramani. Lakini tumbo haliwezi kungoja ramani. Wanne kati ya hao watano ni watu wa magenge yetu ambao muda wao wa kazi ulikwisha. Wakasikia kuna kazi ya kujenga barabara ng'ambo ya mto Tana, wakapanda basi. Wa tano ni mwenyeji wa Garissa, Msomali, msaidizi wa dereva wa lori, na kwa kula sufuria moja wakawa ndugu.

Waliandikwa na kontrakta mdogo ambaye hatumtaji jina, kwa kuwa shauri lingali kortini. Mshahara ulikuwa shilingi 22,000 kwa mwezi, mkataba wa miezi sita, na ulipokwisha wakapewa mwingine wa miezi sita. Mwezi wa kumi na moja mshahara haukuja. Mwezi wa kumi na mbili vile vile. Walipouliza, mnyapara aliwaambia wasirudi kesho yake. Hakuna notisi, hakuna barua, hakuna aliyewaita kuwasikiliza. Kila mmoja anadai mshahara wa miezi miwili, yaani 44,000, na mwezi mmoja wa notisi, 22,000. Jumla 66,000 kwa mtu, tukiacha fidia ya kufukuzwa isivyo haki.

Wakaenda ofisini. Karani, kijana mpole tu, akasema, "Ndugu zangu, msinigombeze mimi. Someni kifungu cha kumi na nne." Ndipo wakakisoma. Kinasema kwamba ugomvi wowote wa mkataba utakatwa na mwamuzi mmoja, atakayeteuliwa na kampuni, atakayekaa Nairobi, na gharama zake zitagawanywa nusu kwa nusu kati ya pande mbili.

Kutoka Garissa hadi Nairobi ni karibu kilomita 370. Hilo ni jambo la nauli, wangevumilia. Lakini walipomwandikia yule mwamuzi, alijibu kwa heshima sana kwamba kila upande uweke kwanza amana ya shilingi 150,000. Wale wanne wa kwetu kwa jumla wanadai 264,000. Piga hesabu: 37,500 kila mtu, kabla hajafungua kinywa, na ni mtu ambaye hajalipwa miezi miwili!

Nusu kwa nusu. Neno hili lina sura ya haki, ndiyo maana hupita bila kuulizwa. Nusu ya kontrakta hutoka katika fungu lile lile analonunulia dizeli. Nusu ya kibarua hutoka katika karo ya mtoto.

Sasa ndugu, tusije tukafahamika vibaya. Hatusemi mwamuzi ni kitu kiovu. Mwamuzi ni mtu ambaye pande mbili zimekubaliana awakatie shauri nje ya korti, na neno lake liwafunge. Sheria ya Kenya inamtambua, nayo ni sheria namba 4 ya mwaka 1995. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaziagiza korti zenyewe zitie moyo njia hizo, ya waamuzi, ya wapatanishi na ya wazee. Mwamuzi aweza kuwa mwepesi kuliko korti. Anaweza kukaa jioni, anaweza kufika mahali pa kazi aone taruma lililooza kwa macho yake. Wenye kampuni kubwa wanampenda kwa sababu siri zao haziendi magazetini. Na korti, nani asiyejua? Unakwenda Jumatatu, faili haionekani. Unarudi baada ya miezi miwili, wakili wa upande wa pili ni mgonjwa. Mtu aweza kuzeeka kwenye benchi la korti.

Basi, swali letu si lipi jema, mwamuzi au korti. Sisi twauliza hivi: huyo mwamuzi amechaguliwa na nani, lini, na analipwa na nani?

Watu wa reli wana sababu ya kuuliza hivyo, maana tulijifunza zamani. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma. Wa bandarini, wa reli, wa mahoteli, hata watumishi wa nyumbani, walikuwa wakikutana kila siku kwenye Kiwanja cha Maskini huko Majengo. Wakati ule reli na bandari zilikuwa shirika moja, na shirika lile lilikuwa la serikali. Mgomo ulikwisha kwa ahadi kwamba litaundwa baraza la kukata shauri la mishahara. Likaundwa kweli, na mwenyekiti wake akawa Jaji Ransley Thacker. Yule yule ambaye miaka mitano baadaye alikaa Kapenguria kumhukumu Jomo Kenyatta na wenzake. Tuseme kweli: baraza la Thacker liliongeza mishahara, na wazee waliokuwapo walipata senti zao. Lakini mwajiri wa reli ni serikali, na aliyemteua mwamuzi ni serikali. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo kiongozi wa wafanyakazi, Chege Kibachia, alikamatwa akapelekwa kuzuiliwa mbali na Mombasa kwa miaka mingi. Hatuna haja ya kusema zaidi.

Lakini kuna sura ya pili ya historia hiyo, nayo ni njema. Oktoba 1962, wakati Tom Mboya alipokuwa Waziri wa Kazi, serikali, chama cha waajiri na shirikisho la wafanyakazi walitia sahihi mapatano makubwa ya uhusiano wa kazini. Kutoka hapo, mwaka 1964, ikaanzishwa Mahakama ya Viwanda chini ya Saeed Cockar. Ukiitazama sana, mahakama ile ilikuwa kama mwamuzi kuliko korti. Haikushikwa sana na taratibu za mawakili, na ilikaa na watu wanaojua mambo ya waajiri na mambo ya wafanyakazi. Uamuzi wake ulikuwa wa mwisho. Vyama viliipenda. Kwa nini tulimkubali mwamuzi yule na kumshuku yule wa 1947? Kwa sababu tulikuwa na mkono katika kumweka, na ujira wake haukutoka mfukoni mwetu. Sheria za 2007, na baadaye Katiba ya 2010, zimeigeuza ile kuwa korti kamili yenye cheo sawa na Mahakama Kuu, nayo leo inaitwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Imepata nguvu, imepoteza wepesi. Ndivyo mambo yalivyo.

Turudi Garissa, maana huko kuna jambo ambalo wale wanne hawakulijua nao wamelijifunza kwa uchungu.

Yule ndugu wa tano, mwenyeji, hakwenda kwa mwamuzi wa Nairobi wala hakwenda kortini. Alikwenda kwa wazee. Wasomali wa sehemu zile wana baraza wanaloliita maslaha. Wazee wa ukoo huu na wazee wa ukoo ule hukaa pamoja, husikia maneno ya kila upande, kisha hukata shauri, na ukoo mzima hubeba neno lile. Kontrakta yule naye ni mtu wa kule, ana wazee wake. Wakakaa siku mbili. Walimwambia kontrakta, "Umemfanyisha kazi kijana wetu, mlipe." Kabla mwezi haujaandama mara ya pili, kijana alikuwa na mishahara yake miwili mkononi.

Wale wanne waliposikia, walifurahi, wakadhani zamu yao imefika. Mmoja ni Mkamba, wawili Waluo, mmoja Mtaita. Walikwenda nao kwa wazee. Wakapokewa vizuri, wakapewa chai ya maziwa. Mzee mmoja akawauliza, "Wanangu, nyinyi wazee wenu wako wapi, waje tukae nao?" Hawakuwa na la kujibu. Wazee wao wako Kitui, Siaya na Mwatate. Maslaha yana nguvu kwa sababu kila mtu ana watu nyuma yake. Mgeni nyuma yake hana mtu. Hapo ndipo chama cha wafanyakazi kinapaswa kusimama kama wazee wa mtu asiye na wazee, na hapo chama chetu hakikuwapo. Ofisi zetu ziko kwenye njia ya reli, na ng'ambo ya Tana hatuna hata meza moja. Hili twaliandika kwa aibu, na halmashauri wakilisoma wasikasirike.

Hata yule aliyelipwa, tumpongeze kwa kipimo. Alipata mishahara miwili. Mwezi wa notisi hakuupata. Fidia ya kufukuzwa, ambayo korti yaweza kutoa hadi mishahara ya miezi kumi na miwili, haikutajwa. Michango yake ya uzeeni iliyokatwa lakini haikupelekwa haikutajwa. Wazee hukata shauri ili watu waweze kuishi pamoja kesho, na hilo ni jambo kubwa katika nchi ambayo kisima ni kimoja na njia ni moja. Lakini hawakati kwa kufuata Sheria ya Ajira. Na tuongeze neno moja: wako wanawake wengi wa sehemu zile wanaolalamika kwamba maslaha yametumiwa kuzima mashauri ya watoto na wanawake walioharibiwa. Shauri la namna ile si la mezani kwa wazee, ni la polisi na hakimu. Sisi tunasema habari za mishahara tu.

Basi wale wanne walifanyaje? Walikaa. Ndilo kosa lao kubwa, na ndilo tunalotaka kila mwanachama alijue. Waliandikiana barua na kampuni miezi saba, wakidhani maadamu wanazungumza siku hazihesabiwi. Siku zinahesabiwa! Mtu aliyefukuzwa ana miezi mitatu ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi. Chama kikitaka kupeleka ugomvi wa kufukuzwa kwa Wizara, ili mpatanishi ateuliwe, kina siku 90. Na mlango wa korti kwa mambo ya mkataba wa kazi hufungwa baada ya miaka mitatu. Maneno matamu kwenye simu hayasimamishi saa hiyo. Kwa wale wanne, milango miwili ya kwanza ilifungwa wakiwa wanangoja jibu la barua.

Ukabaki mlango wa tatu, nao kumbe ulikuwa karibu kuliko walivyodhani. Waliambiwa na watu wa mitaani kwamba mashauri ya kazi lazima yaende Nairobi kwenye mahakama ile kubwa. Si hivyo. Tangu tangazo la Gazeti la Serikali la Juni 2018, mahakimu wa cheo cha juu kidogo wamepewa mamlaka ya kusikiliza mashauri ya kazi ya watu ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Ni wangapi kati yetu wanazidi hapo? Hakimu wa Garissa mjini yuko mwendo wa miguu kutoka soko la mifugo. Serikali ndiyo inayomlipa hakimu. Ada ya kufungua faili ipo, lakini haifanani na amana ya laki moja na nusu. Na shauri likienda kwenye mahakama ile ya ajira yenyewe, sheria inamruhusu mfanyakazi asimame mwenyewe, au asimamiwe na afisa wa chama chake, bila wakili.

Wanne wakafungua shauri. Kampuni ikaleta majibu yake, marefu, ikasema watu wale walikuwa wavivu. Baada ya hayo, siku nyingine kabisa, wakili wa kampuni akakumbuka kifungu cha kumi na nne, akaomba hakimu asimamishe shauri liende kwa mwamuzi. Hapa kuna jambo zuri la kujua. Sheria ya 1995, sehemu ya 6, inasema anayetaka shauri liende kwa mwamuzi aombe mapema, asichelewe kupita wakati anapoingia shaurini. Huwezi kucheza kipindi cha kwanza kortini, kisha ukaona unafungwa ukataka kiwanja kingine. Hakimu bado hajatoa uamuzi juu ya ombi hilo, nasi hatutaki kumtangulia. Twasema tu kwamba kama kampuni ingeomba siku ya kwanza, wenzetu wangekuwa na kazi ngumu mno.

Ndiyo maana twawasihi mwangalie kifungu kabla ya ugomvi. Siku ya kuandikwa kazi kila mtu anacheka, na kalamu ni nyepesi. Mkisikia neno arbitration katika karatasi, simameni muulize. Nani anamteua? Kama ni kampuni peke yake, kataeni. Sheria yenyewe yataka pande zote zitendewe kwa usawa, lakini kwenda kulalamika kwamba hukutendewa kwa usawa ni safari nyingine ya Mahakama Kuu, tena una miezi mitatu tu ya kuomba uamuzi utenguliwe, na si kwa sababu yoyote unayotaka. Kukosea kwa mwamuzi katika hesabu ya ukweli hakukupi rufani kama ya kortini. Atakaa wapi? Kama ni Nairobi na kazi iko Garissa, Wajir au Mandera, kataeni. Mwaka 2023 mwezi wa Novemba mvua ilikata barabara upande wa Madogo, watu na magari wakakwama ng'ambo zote mbili. Mfanyakazi angefika kwenye kikao kwa mabawa? Nani anamlipa? Jueni kwamba mwamuzi ana haki ya kuzuia uamuzi wake asiutoe mpaka alipwe ada yake yote. Unaweza kushinda, na ushindi wako ukalala kwenye droo. Hata ukitoka kwenye droo, kampuni ikikataa kulipa bado ni lazima uupeleke Mahakama Kuu upewe nguvu. Kwa hiyo yule anayekimbia korti, mwisho atakutana nayo.

Wako wanachama wenye shughuli za pembeni, wa lori la mchanga, wa punda wa maji, wa kuuza mawe ya ujenzi. Hao mkataba wao si wa kazi, na madai ya hadi shilingi milioni moja yaweza kwenda kwenye korti ya madai madogo mahali ilipofunguliwa, ambayo sheria inaitaka imalize shauri kwa siku 60. Korti ile haipokei madai ya mishahara. Msichanganye.

Kwa upande wa chama, msimamo wetu ni huu. Mwamuzi akiingizwa katika mapatano ya pamoja, yale yanayotiwa sahihi na chama na mwajiri, twamkubali, maana Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inaruhusu hivyo. Awe ni mtu ambaye pande zote mbili zimemtaja kwa jina, akae mahali pa kazi, na ujira wake ulipwe na mwajiri na fungu la chama, asiguswe mtu mmoja mmoja. Ugomvi wa namna ya kuhesabu saa za ziada, au wa zamu za usiku, mtu kama huyo aweza kuumaliza kwa juma moja, wakati korti ingechukua miaka. Lakini katika mkataba wa mtu mmoja mmoja, hasa wa kibarua, kifungu cha mwamuzi kisiwemo kabisa. Ugomvi ukishatokea, na mtu akiwa na wazee wanaoaminika au mpatanishi, aende kwa hiari yake akiwa anajua anachokiacha, na mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi.

Twajua watakaosema, "Ukikataa kifungu, hupewi kazi." Ni kweli, huenda ikawa hivyo. Yule Mtaita alituambia waziwazi kwamba hata kama angejua kusoma kila neno, angetia sahihi, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na unga. Hatuna la kumlaumu. Sisi wenyewe tuliosoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na tukapigwa viboko kwa ajili ya sarufi ya Kiingereza, tulipokipata kifungu kile tulikisoma mara tatu ndipo tukakielewa. Kwa hiyo twaiomba halmashauri mambo mawili. La kwanza, ipatikane karatasi ya Kiswahili, na ya Kisomali pia, inayoeleza mikataba hii, ibandikwe kwenye vituo vya mabasi ya Garissa ambako watu wanashuka kutafuta kazi. La pili, atumwe mtu mmoja wa chama awe ng'ambo ya Tana walau mara moja kwa mwezi. Nauli yake haitafika amana ya mwamuzi mmoja.

Shauri la wale wanne litatajwa tena mwezi ujao. Mchango wa nauli zao unapokelewa na mweka hazina kila Jumamosi baada ya zamu ya asubuhi, na risiti inatolewa. Mwenye mkataba wowote wenye kifungu cha namna hii aje nao siku hiyo, aje na nakala yote, si ukurasa wa mshahara peke yake.